Gari la Matangazo Lilipopita Kimya

Dada yangu,

Salamu tele. Mimi mzima, na uzuri unazidi. Siku hizi mimi ndiye mtangazaji wa gari la manispaa. Maji yakikatika, taka zikichelewa, mtu akifa, mji mzima unanisubiri mimi. Nyie wasomi mna vyeti, mimi nina koo! Baba akinisikia hufungua dirisha: "Punguza mbwembwe, Kasuku! Huo msiba, si harusi!"

Basi Jumanne nilishika kipaza sauti, sauti ikagoma. Mimi! Tukazunguka mitaa kimya. Watu wakatoka: "Kasuku, leo umemeza nini?" Nikatikisa kichwa tu. Jirani yetu fundi viatu akanitazama machoni, akavua kofia, akalifuata gari. Wengine wakamfuata. Tulipofika nyumbani uwanja ulijaa, na sikuwa nimetamka neno.

Baba tumemzika, Dada. Alilala, hakuamka.

Ile simu niliyokupigia siku hiyo, ukaita "haloo, haloo" mpaka ukakata, mtandao haukuwa na kosa. Nilikuwa nakutangazia.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Kasuku