Alama Nyekundu ku Mawe ya Nguba

Lundi, 10 Juni
Asubuhi tena ku mawe ya Nguba na Nsimire, mutoto wa marehemu dada yangu. Anamaliza masomo ya jiolojia, anaandika mémoire, ile kazi ya mwisho ya masomo, juu ya kando ya ziwa Kivu. Mimi njo kiongozi wake. Nani mwingine anajua Kivu hii? Akaniambia mawe nyeusi ni moto ya volkano iliyopoa. Nikasema nilijua zamani. Sikujua. Akageuza jiwe, kaa akatoka. Nikamukamata na mukono moja. Alinifinya mpaka damu. Nikacheka.
Aliuliza juu ya ukoko nyeupe ku mawe. Mavi ya ndege, nikasema. Niliapa hata.

Mardi, 11
Ameandika alama yangu mu mémoire. Ile mustari nyekundu ku jiwe kubwa. Kila siku pale soko ya Nyawera ninawaeleza wamotari, wale wa pikipiki, kama babu yangu aliichonga pamoja na Wabelgiji, siku ziwa ilifika pale, mamba analinda mugongo yake.
“Tonton, Kivu haina mamba,” Nsimire akasema.
“Ule alikuwa wa mwisho.”
Alicheka. Lakini mustari aliipima, mara tatu. Anasema maji imeshuka mita moja na nusu tangu Wabelgiji.
Mustari niliichonga mimi. Miaka mbili iliyopita, muke wangu anafua nguo, mimi nachoka kumungoja. Nilikuwa na tindo na rangi iliyobaki ya mulango ya chuma. Urefu ya kifua yangu. Hiyo tu.

Jeudi, 13
Mubaya. Profesa wa Nsimire amesoma mémoire, amefurahi sana. Samedi, kesho kutwa, anakuja kuona alama yenyewe, na wenzake wawili. Wakijua ni uongo, mémoire imekufa na Nsimire anarudia mwaka. Dada yangu mbele ya kufa alimuacha mu mikono yangu. Sikula. Muke wangu anauliza kama niko mugonjwa. Malaria, nilisema.

Vendredi, 14, asubuhi
Nilienda peke yangu kufuta. Nilipiga tindo mpaka mabega inawaka. Jiwe ya volkano haina huruma. Mustari ikazidi kuonekana mupya, kama ya jana.
Kisha niliteleza. Maji ku shingo. Mimi niliyeogelea mpaka Rwanda na mufuko ya chumvi ku kichwa, Nyawera yote inajua. Sijui kuogelea. Nilishika jiwe na makucha. Pua karibu na ukoko nyeupe. Haiko mavi ya ndege. Iko kama ile chokaa inabakia ndani ya birika. Nikaangalia mbali. Inapita jiwe kwa jiwe, mawe yote, urefu moja. Hakuna tindo ya mutu, maji ya zamani njo iliiacha.
Samaki wadogo walikuwa wananikula vidole vya miguu. Niliogopa sana.

Vendredi, magaribi
Nimemuambia yote. Alama, mamba, ndege. Hakulia. Heri angelia.
“Na kuogelea mpaka Rwanda?”
“Uongo pia.”
Akafunga kaye, daftari yake. “Kesho utamuambia profesa wewe mwenyewe, tonton. Na mudomo ileile.”
Ninataka kukimbilia kule kijijini Mumosho.

Samedi, 15
Nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, profesa akaniomba nirudilie. Motari mumoja wa Nyawera alikuwa pale, njo alimuleta profesa. Alisikia mara zote mbili. Basi, Nyawera imeisha kwangu.
Kisha Nsimire akawaonyesha ukoko, akagonga kipande. Ndani, tabaka juu ya tabaka. Profesa alipiga magoti mu matope na suruali yake ya pasi. Amemupa majuma mbili aandike upya. Mimi hakuniaga.

Lundi, 17
Ku mawe. Nsimire hakuniita, nilienda tu. Saa nzima alihesabu konokono. Kisha akashika mwanzo ya mètre ya kupimia ku maji, akanitupia mwisho.
Nikaivuta mpaka pale ukoko inaanzia.
“Ngapi?”
“Mita moja, sentimeta kumi na mbili.”
Akaja, akainama, akasoma yeye mwenyewe. Ndipo akaandika.