Mikono ya Kaka Haji Ilipofungwa Kamba

Kaka yangu Haji,

Tangu homa ya utotoni ikuondolee masikio, mimi nawe tulizungumza kwa mikono. Sasa mikono yangu haina wa kuitazama, ndiyo maana nakuandikia.

Asubuhi ile ya sokoni Darajani, ulikokuwa ukitengeneza stovu, bado inaniamsha. Siasa zilikuwa zimechacha. Majirani waliokuwa wakigawana futari walikuwa hata hawasalimiani. Mama akakuashiria mlangoni, "Rudi kabla ya adhuhuri." Ukacheka, ukamjibu kuwa stovu za watu hazijui chama.

Nilikuwa nakuletea chai nilipoona watu wanakimbia. Mawe yalirushwa, kisha wakaja askari na virungu. Filimbi ikalia, kila mwenye masikio akatimka. Wewe ulikuwa umeinamia stovu, bisibisi mkononi, umewapa mgongo. Niliita, "Kaka!" nikijua sauti yangu haina kazi. Askari akakwambia simama, hukusimama. Akakwambia tupa hicho kilicho mkononi, hukukitupa. Rungu likakushukia begani. Uligeuka, ukainua mikono kumwambia kuwa husikii, naye akadhani unataka kumpiga.

Wakakufunga mikono nyuma kwa kamba, wakakukokota hadi kituoni. Nikafuata mbio.

"Mkaidi huyu," koplo aliniambia. "Tunamuuliza jina, hajibu."

"Hasikii, bwana. Husema kwa mikono."

"Leo kila tuliyemkamata kiziwi!"

"Wallahi tena, si uongo. Mfungue umuulize, mimi ntakufasiria."

"Nimfungue anipige?"

Ulikuwa umesimama karibu na ukuta. Nikasogea, nikaona vidole vyako nyuma ya mgongo. Ulikuwa unasema, kaka. Unauambia ukuta. Vidole viwili tu ndivyo vilivyoweza kusogea, vikirudia, "Kwa nini? Kwa nini?"

Nikasema, "Bwana, mmemziba mdomo. Hata mwizi huulizwa. Huyu hamjamuuliza."

Koplo akazunguka nyuma yako. Akavitazama vile vidole kwa muda, kisha akaikata kamba. Mikono ilikuwa imevimba, haikunjiki. Tukangoja. Ulipoweza, uliuliza nami nikasema kwa sauti, "Nimefanya nini?"

Alasiri wakakuachia.

Nilidhani hofu imekwisha. Kumbe ulirudi nyumbani na mikono umeificha kwapani. Hukusema na mama, hukusema nami. Ukimya ule uliniogopesha kuliko virungu, kwani wengine wakinyamaza bado husikia wenzao. Wewe ulinyamaza ukabaki peke yako kabisa.

Kisha, Ijumaa moja baada ya sala, ukanigusa bega. "Twende kituoni."

"Una wazimu?" Nilikushika kanzu. Ukaenda, nami nikakufuata huku nasoma kila aya niliyoijua. Ulisimama mbele ya koplo yule yule, ukamwonyesha ishara ya "simama," ya "njoo," ya "usiogope." Akajaribu. Wenzake wakamcheka. Akaona haya, lakini akajaribu tena, na safari hii alizipata.

Baadaye akahamishwa, wakaja wengine wasiokujua. Tukaenda tena. Na kila walipobadilishwa tulikwenda, nami kila mara niliitafuta kamba kwa macho kabla sijatoa salamu.

Sasa nimezeeka, kaka. Gari la matangazo likipita mtaani kutuambia tukae ndani, wajukuu wangu hufunga madirisha, hunivuta, "Bibi, ingia!" Siingii. Nasimama barazani natazama njia yote, nione kama yuko mtu anayeendelea kutembea taratibu, asiyegeuka.

Mola akulaze pema, kaka yangu.

Mdogo wako, uliyekuwa ukimwita kwa kugusa kidevu.