Kikuba cha Mti Dume

Siyu, Pate
19 Mei 2024

Kwa dada yangu Kemunto,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini ungenicheka kabla sijamaliza.

Uliuliza kazi yangu ni ipi hasa. Ni kufungisha miti ndoa. Kuna mti wa porini ambao, kama mpapai, una dume na jike, na kisiwa kizima imebaki miwili tu: dume nyuma ya chumba changu, jike kwenye shamba moja njia ya kwenda mji wa Pate. Wadudu waliokuwa wakiihudumia wametoweka, kwa hiyo mdudu ni mimi. Dume likichanua nayakung'uta maua yake kwa njiti juu ya karatasi, chavua inamwagika kama unga, kisha natembea nayo kwenda kulipaka jike. Jike lenyewe huchanua mara moja kwa mwaka, siku mbili basi.

Watu wa hapa ni wema. Wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za kwetu, kisha kila mtu anaingia kwake. Miezi saba nimekula peke yangu. Nimechoka, dada. Siku nyingine naongea na sufuria.

Mwezi jana jirani yangu Bi Rahima alimwoza bintiye Nasreen. Huku mwanamke haendi harusini bila kikuba, kishada cha maua ya kunukia cha kubandika kifuani, na asumini mwaka huu ziliungua na jua. Akaja kuniomba maua ya mti wangu, maana harufu yake inafika hadi kwake. Akasema nami nije, nisingoje kadi, ndia ya kwake, ndivyo wanavyoita njia, naijua.

Niliyakata yote. Wakaniketisha katikati yao, wakanibandika kikuba, wakanilisha kwa mikono yao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya pili jike likachanua. Nilikimbia na kikuba changu kilichonyauka, nikakikung'uta weee, hakikutoa kitu. Maua yakapukutika bila tunda.

Ofisini niliandika kwamba mvua iliyaharibu. Mvua haikunyesha, Kemunto. Ni mimi, na ni wewe pekee unayejua. Tangu harusi ile hakuna aliyepiga hodi kwangu. Na wakija mwakani kuomba maua, nitawapa.

Msalimie Mama, ila hii usimsomee.

Mdogo wako,
Bochaberi