Wanataka Mwanangu Aoe Ndipo Aimbe Pasaka

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu za Kwaresima kutoka Nyakabanda, mimi ni mama mjane wa watoto watano, shule niliishia darasa la sita kule Bujumbura kwa hiyo mwandiko unisamehe, lakini wanangu wote wamesoma, na huyu wa kwanza, Sangwa, ndiye ninayemwombea shauri, nimeweka na picha yake kwenye bahasha umwone mwenyewe, koti hilo nililishona mimi. Sangwa ndiye anafundisha korali ya parokia na kinanda anapiga yeye, hata Waprotestanti wanakuja kusimama dirishani kusikiliza, sijisifu, uliza mtu yeyote.

Sasa tangu mwaka jana nikawa naona kitu. Anaimbisha watu mpaka wanatoa machozi, halafu komunyo ikifika korali yote inapanga mstari, yeye anabaki na kinanda chake, anajifanya anatafuta ukurasa. Mama unaona. Siku moja tukimenya ndizi nikamuuliza, "Wewe Sangwa, umeua mtu?" Akacheka, halafu akaacha kucheka, akasema, "Mama, moyo wangu hauendi kwa wasichana. Haujawahi. Unaenda kwa wanaume." Mimi nikaanza, ni ugonjwa, ni shetani, tutasali novena, akanishika mkono wenye kisu akasema, "Nimesali tangu nikiwa mtumishi wa altare, Mama. Nilimwomba Mungu anitolee kitu hiki, hakukitoa. Alichonitolea ni woga. Simwogopi tena. Nampenda tu." Mshauri, nimefundishwa katekisimu na masista na sijawahi kumwambia Mungu neno kama hilo, novena nikaiacha hapo hapo, nikarudi kwenye ndizi zangu.

Na Jumapili ile akaenda kukomunika! Akafunga kinanda, akapita katikati ya kanisa kama bwana harusi, na mimi nikaruka magoti ya watu kwenye benchi nipate kuwa nyuma yake, naimba, nalia, mpaka Mama Nzeyimana akanikanyaga mguu.

Huyo Mama Nzeyimana ndiye shida yenyewe. Ni kiongozi wa jumuiya yetu, akaja nyumbani na wenzake wawili, akasema, "Mama Sangwa, kijana amekomaa hivi na mchumba hana, watu wanasema. Pasaka haiwezi kuongozwa na mtu asiyeeleweka. Aoneshe msichana au aache kinanda." Nikamwambia, "Mwanao ameoa mara mbili, mbona hata neno Amina hajui kuliimba?" Wakaondoka bila kumaliza chai.

Kabla ya Jumapili ya Matawi jumuiya itakaa na mimi nitatakiwa kujibu. Nina njia mbili. Kuna Béatha, binti wa rafiki yangu wa Niboye, mpole, na Sangwa anampendeza sana, nimeshaagiza bia ya ndizi, baba wadogo wa Sangwa waende kwao Béatha kushika irembo, yaani ile safari ya kwanza ya kubisha na kusema tuna nia na binti. Hapo midomo itafungwa. Sangwa hajui bado. Au nisimame mkutanoni niseme yote, ndiyo, mwanangu yuko hivyo na Mungu anampenda kuliko wa kwenu, maana mimi aibu sina! Nifuate ipi?

Mama Sangwa

JIBU

Mama Sangwa,

Wasomaji wajue hilo si jina lako. Majina, mtaa, hata chombo anachopiga mwanao nimebadilisha mimi, kwa sababu wewe uliandika vyote, mpaka jina la padri, na picha juu yake! Picha inarudi kwako kwa posta. Ni kijana mzuri kweli na koti limemkaa. Lakini alikuambia wewe, hakuliambia gazeti.

Mimi si padri, na mafundisho ya Kanisa unayajua. Wako watakaoniandikia kwa hasira, waandike, stempu ni zao. Ila nimesoma barua za wazazi waliofukuza, waliopiga, waliopeleka watoto kutolewa pepo, na watoto hao waliiacha nyumba na kanisa kwa pamoja. Mwanao ameacha woga tu, nyumba na kanisa bado anavyo. Hapo umeshinda, mama. Ulishinda kabla hujanunua bahasha.

Sasa usiharibu. Béatha amekukosea nini? Binti wa watu umfanye pazia la dirisha lako? Ataingia ndoa akingoja kupendwa, akikosa atajilaumu yeye, na wewe kila siku utakuwa unamtazama usoni. Ile oda ya bia kaifute kesho asubuhi. Hakuna mtu wa kwenda Niboye.

Na huko kusimama na kutangaza, wewe unakuita ushujaa. Ukishasema utarudi kwako kulala. Atakayepita mtaani akioneshwa vidole ni yeye, atakayekosa kazi ni yeye. Neno ni lake. Siku akitaka kulisema atalisema kwa sauti yake, na sauti tumeambiwa anayo.

Fanya hivi. Leo leo mwambie Sangwa mpango wa Béatha, umwombe msamaha kwa maneno machache. Halafu muulize, "Mkutanoni unataka niseme nini?" Atakachokupa ndicho utakachosema, usiongeze chumvi. Akisema usiseme kitu, basi wakikuuliza ataoa lini, wajibu, "Sangwa ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe," kisha ukae chini. Najua kukaa chini ndiyo kazi itakayokushinda. Jitahidi.

Wakimnyima kinanda, wakichukue, ni cha parokia. Imani yake hawakumpa wao. Pasaka ingieni wawili kwa mlango mkubwa, mchana kweupe, mkakae mbele, na wewe uvae kitenge kinachozidi vingine vyote kanisani. Hapo ringa, mama. Hapo nimekuruhusu.