Nilivyomfanyia Msiba Mama Sesilia Akiwa Kibondo Anatafuta Matairi

Jumapili, mchana. Mvua haijakatika tangu tulipotoka kanisani, bati linapiga kelele, na mafua yangu bado yapo palepale. Moyo ndio umetulia kidogo. Jana nisingeweza kuandika hata jina langu.

Jana nilimfanyia msiba mtu mzima. Namaanisha mzima wa afya.

Chanzo ni kabati la darasa langu. Nafundisha darasa la pili hapa Murungu, na ndani ya kabati hilo kuna vitabu vya picha vinavyosimulia maisha ya watu wa kweli: mwanamke aliyerusha ndege, bwana aliyegundua dawa, dada aliyekimbia mpaka dunia ikamjua. Watoto wanavipenda hadi pembe zimeisha. Wanagombania yule wa ndege. Sasa mwezi uliopita Neema, ambaye swali lake halikuachii mpaka ulijibu, alikipekua kitabu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaja mezani kwangu.

"Madamu, wa kwetu yuko ukurasa wa ngapi?"

Nilimwambia nitaangalia. Nikaangalia kweli, kana kwamba sijui. Wa kwetu hakuwemo, na Neema alisimama pale mezani akisubiri jibu. Hapo ndipo nilipoamua kutengeneza kitabu mwenyewe.

Sikuhangaika kumtafuta shujaa. Mama Sesilia ana banda la kutengeneza baiskeli pale njia panda, na hakuna baiskeli iliyobeba maharage au ndizi katika vilima hivi ambayo haijawahi kulala miguu juu mbele yake. Alijifundisha kazi hiyo akiwa msichana, kwa kufungua baiskeli ya baba yake bila ruhusa na kuifunga kabla mzee hajarudi. Wanaume walimcheka. Sasa wanapanga foleni. Nilipomfuata kumweleza kwamba nataka kuandika maisha yake ili watoto wasome, nilitegemea angeona haya kidogo, aseme mimi nani, mwalimu.

"Mmechelewa," alisema. "Nilidhani mngekuja zamani."

Akatoa sharti moja tu: achorwe amevaa kitenge alichovaa kwenye harusi ya binti yake, wala asichorwe na lile gauni la grisi. Nikamwambia fundi hatengenezi baiskeli na kitenge cha harusi. Akaniuliza kama kitabu ni chake au changu.

Picha nilimpa Yusto, ambaye anachora mabango ya maduka na saluni. Yusto pia ndiye anayeandika majina kwenye misalaba ya makaburi, na hilo nililijua, ila sikulipa uzito. Aliponiletea gamba la kitabu nilifurahi mno. Uso wa Mama Sesilia ulikuwa ndani ya duara, amezungukwa na maua, jina lake chini kwa herufi za kupendeza. Chini ya jina, mwaka wa kuzaliwa. Baada ya mwaka, kistari. Baada ya kistari, nafasi.

"Yusto, hii nafasi ni ya nini?"

"Aah, madamu, mkono tu, umeshazoea. Nitafuta."

Hakufuta. Mimi nami, naungama, niliipiga picha hivyohivyo, nikaituma juzi Ijumaa jioni kwenye kundi la wazazi la simu. Nilitaka maoni. Na kwa kuwa si wazazi wote wanapenda kusoma, nikarekodi sauti nikisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Nilikuwa na mafua yaleyale. Nimeisikiliza tena leo kwa ujasiri mkubwa. Ni sauti ya mtu aliyelia tangu alfajiri, anajikaza asilie tena. Nasoma: "Mama Sesilia alizaliwa hapahapa Murungu, akiwa mtoto wa tano. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwetu kufungua banda la ufundi. Aliwapenda watu wote." Navuta kamasi. "Ameacha alama isiyofutika mioyoni mwetu."

Ameacha!

Sijui nilikuwa nawaza nini. Hapa kwetu, maisha ya mtu wa kawaida husomwa kuanzia kuzaliwa kwake mara moja tu, naye mwenyewe anakuwa amelala ndani ya sanduku. Ukisema alizaliwa, watu wanavua kofia. Ukisema ameacha, wanawake wanajifunga khanga viunoni.

Nilituma, simu ikaisha chaji, umeme haukuwepo, nikalala vizuri sana.

Jumamosi asubuhi nikatia rasimu yangu na michoro ya Yusto kwenye mfuko, nikaenda kwa Mama Sesilia ili aipitishe. Njiani nikakutana na wanawake wamebeba kuni. Sasa, Muha akikusalimia anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza mlivyoamka, nyumba, watoto, shamba, na wewe unajibu hivyohivyo, mpaka chai ingeweza kuchemka. Jana hawakupiga makofi. Mama Neema alitua kuni zake, akanikumbatia.

"Pole, mwalimu. Tumekusikia. Ulijitahidi."

"Nani?" nikauliza.

Wakatazamana kwa huruma. "Bado haijamwingia," mmoja akasema.

"Mama Sesilia," akasema Mama Neema. "Jirani yake kathibitisha. Kaondoka alfajiri."

Naandika jambo hili polepole kwa sababu ni la kweli: haikunijia hata kidogo kwamba habari hiyo ilitoka kwangu. Niliwaza kwamba nimemwandika na hakuwahi kujiona. Kile kitenge cha harusi, Yusto alikipata rangi vizuri mno, na mwenyewe hajakiona. Nililia njia nzima. Nililia kuliko waliokuwa wamebeba kuni.

Kwake turubai lilikuwa limeshafungwa. Viti vya plastiki vimepangwa, sufuria ziko mafigani, wanaume wameinamisha vichwa. Mbele kabisa alikaa Mzee Athumani, mwenye duka la vipuri pale Kibondo mjini, kanzu nyeupe, pembeni yake mfuko wa sukari aliokuja nao. Huyu na Mama Sesilia wamebishana bei za minyororo kwa miaka mingi, na jana alikuwa anawaambia watu kwa sauti ya chini kwamba hajaona mkono kama wa yule mama, kwamba angempunguzia bei kila siku kama si kuogopa atamzoea vibaya.

Niliuliza mwili uko wapi. Nikaambiwa uko Kibondo. Kila mtu aliniambia hivyo, na kila mtu alikuwa ameambiwa na jirani. Jirani, maskini, alikuwa amesema kweli tupu: kwamba Mama kaondoka alfajiri, kaenda Kibondo. Alisema kuondoka kwa baiskeli, wao wakasikia kuondoka kule kwingine, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imeshafika kwenye simu zao, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Basi mzee wa kanisa akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwenye wasifu wa marehemu, niwasomee waombolezaji.

Nikasimama. Nikatoa rasimu. Nikasoma, "Mama Sesilia alizaliwa hapahapa Murungu..." na huko barabarani tukasikia ukemi.

Kwa desturi, mtu akija msibani huanza kulia angali mbali. Kwa hiyo hakuna aliyegeuka. Tulidhani ni ndugu zake kutoka Mabamba wamefika. Ukemi ukasogea. Kisha akatokea Mama Sesilia, matairi mapya yamening'inia mabegani, baiskeli kaitupa kwenye mfereji, mikono kichwani.

"Mawe we! Mawe we! Kwangu? Ni nani? Nani kafa kwangu?"

Mawe, kwa Kiha, ni mama yangu. Nafafanua kwa sababu Mzee Athumani, ambaye asili yake ni pwani, alijikinga uso.

Watu walikimbia. Kiti kimoja kilivunjika, mzee wa kanisa alipita katikati ya sufuria, na Mama Neema, aliyenipa pole njiani, alionekana tena baadaye akitokea kwenye migomba. Mimi sikukimbia. Mama Sesilia alipita viti vitupu moja kwa moja mpaka kwa Mzee Athumani, ambaye alikuwa ameanguka na kiti chake, akapiga magoti mbele yake.

"Pole, baba. Nimetoka kwako sasa hivi, nimekuta karatasi mlangoni, mmefunga kwa msiba, matairi nikachukua kwa mwingine. Nikasema Athumani kafiwa na hakunipa habari. Kumbe msiba wenyewe ni kwangu! Niambie ni nani."

"Subhanallah," Mzee Athumani alisema kutoka chini. "Bi Sesilia, ni wewe."

Halafu akaelezwa. Walimweleza wote kwa pamoja, wakirudi mmojammoja kutoka kwenye migomba, na mwisho wa kila maelezo kidole kilielekezwa kwangu. Alisikiliza sauti yangu kwenye simu ya mtu. Alitazama gamba la kitabu. Alitazama maua, duara, kistari, nafasi.

Nilimwambia, "Shikamoo, Mama."

"Kitabu chako kimeniua, mwalimu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nani ataleta baiskeli kwa marehemu? Sikitaki. Kichome."

Nilihisi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu mkononi. Si kwa ajili ya kazi yangu, ingawa na hilo lipo, sijifanyi malaika. Nilimwona Neema pale kwenye mkeka na wenzake, na nilijua Jumatatu ataniuliza tena, na nitapekua tena kitabu ambacho najua kilichomo.

Neema mwenyewe hakuwa na habari na hasira za wakubwa. Rasimu yangu ilikuwa imeanguka nilipoacha kusoma, na watoto walikuwa wameinamia kurasa za Yusto. Alikuwa anatazama picha, anamtazama Mama Sesilia, anatazama picha. Akanyanyuka, akamfuata, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu. Kuna kovu pale, la mnyororo. Yusto alikuwa amelichora.

"Ni yeye!" akawapigia kelele wenzake. "Yumo kitabuni, halafu yupo!"

Wakaja wote. Yule wa ndege hawajawahi kumgusa. Huyu walimgusa mikono, matairi, wakamuuliza kama kweli alifungua baiskeli ya baba yake, na kama alichapwa. Mama Sesilia alijaribu kubaki na hasira. Nilimwona akijaribu. Akakaa kwenye kiti cha wafiwa, akaivuta rasimu.

"Alichapwa sana," akasema. "Hilo mbona hujaliandika? Na mimi ni mtoto wa nne, si wa tano. Soma. Nataka kusikia."

Nikasoma, na kila nilipofika kwenye alikuwa alinisimamisha kwa mkono, kama askari wa barabarani. Alikuwa fundi? Ni fundi. Aliwapenda watu wote? Hapa alifikiri. "Andika anawapenda baadhi." Nilipofika kwenye ameacha, waombolezaji wote waliguna, nikaikata mbele yao kwa kalamu.

Yusto akaitwa. Alikuja akijua. Aliahidi kukifuta kile kistari palepale, hata kwa mate.

"Usifute," alisema Mama Sesilia. Alikiangalia sana. "Mbona nafasi yenyewe ndogo hivi? Hiki kistari kirefushe. Kitoke hapa, kizunguke mpaka nyuma ya kitabu. Kifanye barabara. Nami niweke juu yake na baiskeli, nakwenda."

"Na kitenge cha harusi?" nikauliza.

"Sasa, mwalimu, unataka niendeshe baiskeli uchi?"

Maharage yalikuwa yameshaiva, kwa hiyo tukala. Mzee Athumani alitaka kuondoka na mfuko wake wa sukari, haukuondoka. Na yale maneno ya kumpunguzia bei, kuna watu waliyakumbuka yote, wakamweleza Mama Sesilia mbele ya mzee. Sijawahi kula msibani kwa kelele namna ile.

Leo nimebaki nyumbani nabadilisha vitenzi. Ni kazi tamu. Yupo, anafunga, anafungua, anapuliza, anacheka. Nikiwa katikati nikakumbuka kwamba mama yangu yuko Makere, na sijui alifikaje Makere. Sijui aliwahi kutaka kuwa nani. Nilikuwa nimejiandaa, bila kujua, kuyasikia hayo siku moja kutoka kwa mtu mwingine, kwenye kipaza sauti.

Nikampigia.

"Mama, shikamoo. Naomba unisimulie maisha yako. Tangu ulipozaliwa."

Nilisikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu.

"Mwanangu," akasema, "daktari kakuambia nini?"

"Hajaniambia kitu, Mama. Nauliza kwa sababu u mzima."

Akavuta pumzi, na nikashika kalamu.

"Basi kama ni mzima," akasema, "nipigie kesho. Sasa hivi mvua inapungua, na maharage yangu shambani yana magugu."