Lile Dirisha Jeusi Ulilonifundisha Kufungua

Makupa,
Mombasa.
9 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Chengo,

Hujambo huko Doha? Kifua kimepona? Nasikia joto la huko lapika mtu mzima; kunywa maji, wacha soda. Mimi goti lanisumbua lakini nasimama. Dada yako Purity alipasuliwa Jumatano, akapata mtoto wa kike. Wako hospitali bado, wazima wote wawili. Kwa hilo Mungu ashukuriwe, maana mengine niliyo nayo si ya kushukuru.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Kwenye simu ungenikatiza.

Ulipokuja Desemba uliitia kompyuta ya Purity, ile anayopigia watu chapa barua, njia ya mkato. Nibonyeze vitufe vitatu pamoja, dirisha jeusi la kuandikia amri lifunguke na nguvu zote za mwenye mashini. Awali lilikuwa likiuliza kwanza kama naruhusu. Ukasema, "Bibi, swali hilo lakuchelewesha," ukaliondoa. Mtoto wa nyumba gani wewe! Hata jirani wa ukuta mmoja hupiga hodi akangoja aitikiwe. Wewe hodi umeitupa, ukaniachia mlango mimi wa darasa la pili.

Tena ukanipa maneno ya kufuta flashi zenye virusi. Nikayanakili kwenye daftari, herufi kwa herufi.

Alhamisi akaja Mumo, karani wa wakili wetu, kuchukua ushahidi wa marehemu Dzoro, ndugu ya babu yako, kuhusu mipaka ya shamba la Ribe. Kesi ni tarehe kumi na tisa. Dzoro tulimzika Machi, na wajua maneno yake aliyarekodi mara moja tu, yako kwenye kile kisanduku cha Purity cha kuhifadhia mafaili, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikakataa kuyatoa, ikalia virusi.

Mumo akacheka. "Nyanya, si tumngoje Purity?"

"Nimezaa saba, mashini ndiyo itanishinda?"

Nikakupigia, hukushika. Nikabonyeza vile vitufe. Dirisha likafunguka kimya, halikuniuliza lolote. Nikaandika maneno ya daftari.

Flashi haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamechomekwa kisanduku, maneno yakakifuta chote.

Fundi wa Mwembe Tayari amekaa nacho tangu Ijumaa. Leo amekirudisha kitupu.

Nimekukaripia barua nzima na kidole kilikuwa changu. Hilo nalikubali hapa mara moja, usije ukalitafuta tena mdomoni mwangu.

Kesho Purity atoka. Nitamwambia mwenyewe, hata kama maziwa yatamkauka. Na mahakamani nitasimama nieleze nilivyofuta, wale wa upande wa pili wacheke washibe. Lakini mipaka siwezi kuisemea. Niliolewa nikaikuta imeshawekwa.

Shangazi yako Eddah na mjomba wako Kiti wakusalimu, hawajaambiwa. Nisalimie Ronny unayekaa naye chumba kimoja, mwambie mamake nilimwona kanisani, ana afya.

Omba ruhusa kazini uje. Tukishindwa, hao wanaodai shamba wametupa miezi mitatu tuhamishe makaburi yetu yaliyomo, na mifupa ya mamako sitaki ishikwe na vibarua.

Mungu akulinde njiani, akufikishe.

Bibi yako akupendaye hata leo,
Priscah