Kurasa Tisa za Zipora

Shangazi Restuta, shikamoo, nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika moja ya hizi sekondari za binafsi zilizochipuka hapa Makole, na mwalimu mwenzangu, nitamwita Zipora, ndiye tuliyefanya naye utafiti kuhusu maada ya giza, ile isiyoonekana inayoshikilia nyota zisitawanyike, tukitaka kujua ilisalia kiasi gani ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto na chembe zake zikiangamizana. Mimi nilihesabu zile zinazogongana na kuangamia papo hapo tu, Zipora akasema hapana Mwalimu, nyingine hushikana kwanza mbili mbili, na joto likishapungua halitoshi tena kuziachanisha, basi huangamizana zikiwa zimeshikana, na zinazosalia ni chache kuliko unavyosema. Aliandika kurasa tisa. Zilivunja jibu langu lote, na siku za mwisho za kutuma maombi ya masomo zilikuwa zimefika, nikaziondoa kwenye utafiti, nikaondoa na jina lake, nikapata nafasi ya kusoma Ulaya. Sasa Zipora yuko kitandani kwao, mtaa wa Kikuyu, madaktari wamemrudisha nyumbani, akaniuliza kama kurasa zake zilipita, nikasema zilipita na wamezisifu. Shangazi, alilia kwa furaha! Jumamosi jumuiya ya kanisa inakwenda kusali kwake, baba yake aliyeuza ng'ombe amsomeshe anakuja kutoka kijijini Zuzu, na Zipora ameomba niusome utafiti mbele yao. Je, ni dhambi nikizichomeka zile kurasa kwenye nakala yangu nikasoma, afe ameridhika?

Mwalimu, Makole

Marahaba, na pole. Pole nimeshasema, sasa kaa nikuseme.

Fizikia iliniacha kidato cha pili, lakini wizi naujua. Unataka kumdanganya mgonjwa mbele ya baba yake, tena kwa sala! Huna haya? Usinitajie kuridhika kwake, unatafuta kuridhika kwako. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kitanda cha mtu.

Zipora hakuuliza kama wazungu wamemsifu. Anataka kujua kama hesabu yake ni kweli. Ni kweli, na wewe peke yako ndiye unayejua. Mwambie hivyo kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, kisha mwambie ulichofanya. Akikufukuza, toka. Akitaka zisomwe, soma, utaje jina lake na kosa lako.

Lakini kwanza kiandikie chuo kilichokupa nafasi, ambatanisha kurasa zote tisa, nafasi ikienda iende. Pitia posta ndipo uende Kikuyu. Ukianza kwake atakusamehe, utaona yamekwisha, na akishazikwa hutakiandikia tena chuo.